Bi Kinyaa na Diski ya Wote

Mpwa wangu hanywi maji kwenye kikombe kilichoguswa na mdomo wa mtu mwingine. Lijue hilo mapema, maana usipolijua utadhani mengine yote ni maringo. Alianza akiwa hajui hata kufunga viatu. Dada yangu, yaani mama yake, aliweka ndoo ya maji jikoni na kikombe kimoja cha bati juu ya mfuniko, cha nyumba nzima. Aliyesikia kiu alichota, akanywa, akarudisha. Siku hiyo katoto kakaja, kakainua kikombe, kakakizungusha, kakaona ukingoni alama ya mafuta ya mdomo wa mtu. Mtu mwenyewe huenda nilikuwa mimi, kwa kuwa nilikuwa nimetoka kula nyama. Kakakirudisha taratibu kama anayeweka chini panya aliyekufa, kakakaa na kiu yake mpaka jioni. Mimi ndiye niliyempa jina la Bi Kinyaa, na jina likamganda, kwa sababu majina ninayotoa mimi huganda. Ulizia mtaani kwetu.

Akakua hivyohivyo. Taulo lake halikukaa msumari mmoja na taulo la mtu. Shule ya bweni alikwenda na sabuni ndani ya kopo, kopo ndani ya mfuko, mfuko ndani ya sanduku, na sanduku lina kufuli. Shangazi zake walisema huyu hataolewa, nani atavumilia kukaguliwa vidole kila akishika sufuria? Akaolewa. Siku moja nilimvuta mumewe pembeni nikamuuliza maisha yanaendaje.

"Mjomba," akaniambia, "nyumba yetu ina misumari mingi kuliko ukuta."

Lakini alikuwa amenenepa, nikajua hana malalamiko makubwa.

Watu wa kwetu hawaijui kazi yake. Wakiulizwa husema "yuko kwenye kompyuta", kana kwamba anaishi mle ndani na kutoka kuja kula. Mimi naijua, kwa sababu tuko jengo moja, benki ya damu, yeye ghorofa ya juu na mimi chini. Mimi ni fundi wa majokofu. Damu utakayoongezewa siku ukipasuliwa inakaa kwenye baridi, na baridi hiyo naitengeneza mimi, kwa hiyo ukinikuta njiani nisalimie vizuri. Yeye anatunza hifadhidata. Mfuko wa damu kwenye jokofu langu una namba tu na vile vistari vyeusi vya kusomwa na mashine. Ni kundi gani, imepimwa magonjwa gani, imetoka safi au imetoka na balaa, vyote hivyo vimo kwenye hifadhidata ya mpwa wangu. Hospitali ikiomba, anaiuliza mashine, mashine inajibu, lebo inatoka, mfuko unapewa ruhusa ya kwenda. Bila jibu hilo, mfuko ni kitu chekundu kwenye plastiki. Huwezi kumpa mtu. Mimi nisingempa hata mwenye nyumba wangu, na yule namtafutia sababu.

Sasa, ndani ya hifadhidata hiyo kuna mafaili makubwa yanayobeba majibu yenyewe, halafu kuna mafaili madogo mawili matatu ambayo ukiyaona utayadharau. Moja ni kama kiongozi wa msafara: linaiambia mashine mafaili mengine yako wapi na mambo yamefikia wapi. Jingine linaandika kila badiliko linapotokea, moja baada ya jingine, bila kupumzika. Hayo mawili yakifa, makubwa yanabaki kama kundi la ng'ombe lisilo na mchungaji, yapo na hayafai. Nimeyajua haya kwa kumsikiliza mpwa wangu akila chakula chake cha mchana, maana ana kawaida ya kula peke yake kwenye chumba changu cha vipuri, na kijiko chake amekifunga kwenye kitambaa.

Kwa sababu hiyo mafaili hayo madogo aliyaweka nakala tatu, zinazoandikwa kwa pamoja. Moja kwenye diski ya seva kubwa, moja kwenye diski nyingine ya peke yake, na moja kwenye mashine kuukuu aliyoiweka chini kwangu, kwenye korido ya majokofu, umeme wake mbali na waya wake mbali.

"Kwa nini uninyime nafasi ya kuweka ngazi yangu?" nikamuuliza.

"Diski hufa, mjomba. Zikilala kitanda kimoja zinaambukizana."

"Chuma kinaambukizana?"

"Wewe tengeneza baridi."

Mambo yalienda hivyo, kwa usafi, hadi alipoletewa mkuu mpya wa idara. Sikumpa jina mara moja, nilimwacha kwanza nione anafanana na nini. Kila kikao alisema tuwe pamoja, tufanye pamoja, vyetu viwe pamoja. Nikamwita Bwana Pamoja, na kabla wiki haijaisha hata mlinzi wa getini alikuwa anamwita hivyo akishapita. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kukugusa bega akiongea, na mkono wake una unyevu.

Jambo la kwanza alilolileta ni friji moja ya chakula kwa wafanyakazi wote. Nawaomba wenye roho nyepesi waruke hapa. Ile friji mimi ndiye niliyekuwa naitwa ikigoma, kwa hiyo nimeiona tumboni. Kulikuwa na maharage yaliyoota manyoya ya kijani. Kulikuwa na maziwa yaliyokuwa yamegawanyika, maji juu, matope chini. Kulikuwa na samaki wa mtu aliyekwenda likizo ya uzazi, na mtoto akazaliwa, akaanza kukaa, samaki bado yumo. Rafu ya chini ilikuwa na majimaji ya rangi ya chai ambayo hakuna aliyekiri ni ya nani. Tiba ya Bwana Pamoja ilikuwa tangazo mlangoni: kila mtu aandike jina kwenye chombo chake, na Ijumaa mchana kisicho na jina kinatupwa. Ijumaa alikuja mwenyewe, kavaa glavu, katupa. Akajipongeza.

Jambo la pili lilikuwa diski ya wote. Lilikuja kabati refu jeusi limejaa diski, linanguruma kama jokofu langu la zamani, na jengo zima likaambiwa liweke vitu vyake humo. Yeye alilisifu kama mtu anayesifu mkwe. Halipotezi kitu, linajirekebisha lenyewe, diski moja ikifa nyingine inashika. Kwa hiyo mashine ndogondogo za kukaa peke yake zikusanywe.

Mpwa wangu akaenda ofisini kwa mkuu. Nilikuwemo, nimepanda kwenye kiti natazama kiyoyozi chake, na nilikitazama polepole sana.

"Mkuu, mafaili makubwa sawa, yakae kwenye kabati. Haya madogo naomba nakala moja tu ibaki nje."

"Si unazo tatu?"

"Ninazo."

"Basi nitakupa folda tatu. Kila nakala na folda yake."

"Folda tatu ndani ya kabati moja."

"Kabati lenye diski nyingi, dada yangu. Unaogopa nini?"

"Naogopa wenzangu humo ndani. Atakayejaza kabati atanijazia na mimi. Atakayefuta atanifutia na mimi."

Bwana Pamoja akacheka, akamgusa bega. Niliona ngozi ya shingo ya mpwa wangu ikijikunja. "Nimesikia wanavyokuita," akasema. "Kinyaa cha nyumbani tusikilete kazini."

Mashine kuukuu ikatolewa kwenye korido yangu. Nilipata nafasi ya ngazi. Sikuifurahia.

Mpwa wangu akaniita nione alichowekwa nacho. Nimeona mengi, nimezibua mifereji ya majokofu ya mochwari, lakini kabati lile lilinichafua roho. Kulikuwa na video za harusi, harusi nzima tangu kuvaa viatu mpaka kuosha vyombo, nakala nne za harusi ileile. Kulikuwa na sinema ambazo majina yake siwezi kuyaandika, mama mkwe anasoma. Kulikuwa na folda ya mhasibu mmoja mwenye jipu mguuni, amelipiga picha kila asubuhi aone linavyokua, na siku lilipopasuka amepiga kwa karibu. Na katikati ya usaha huo, kwenye folda tatu zenye majina ya herufi na namba tu, ndiyo yalikaa yale mafaili madogo ambayo bila hayo hakuna anayejua damu ya nani ni safi.

"Ni kama wameosha miguu kwenye sufuria yangu," akasema mpwa wangu. Kisha akaenda kunawa mikono, na alikuwa hajagusa kitu ila kipanya cha kompyuta yake mwenyewe.

Kilichobaki mikononi mwake ni nakala ya akiba, hifadhidata nzima inayokopiwa kila Jumapili na kupelekwa jengo jingine. Aliomba ifanyike kila siku. Akajibiwa kabati limejaa, kukopi kunalichosha, harusi hazifunguki vizuri.

Wiki hiyohiyo nilichangia damu. Si kwa sababu niliombwa. Muuguzi wa chumba cha kuchangia alisema mafundi wanaogopa sindano, nikaona heshima ya ufundi iko hatarini. Nililala pale nikatoa damu nyekundu, nzito, muuguzi mwenyewe alikubali kwamba mfuko ulijaa haraka. Nikaandika namba ya mfuko kwenye kiganja, na kila nikikagua jokofu nilikuwa nausogeza mbele kidogo uonekane.

"Mjomba, acha kuutembeza," mpwa wangu akasema.

"Majibu yametoka?"

"Yametoka. Yamo kwenye mashine. Mengine ni siri ya mgonjwa."

"Mgonjwa ni nani, mimi?"

"Ndiyo maana nimesema siri."

Kabati likaendelea kufura. Hifadhidata ikikosa nafasi ya kuandika inasimama, na mpwa wangu akaandika kwa jengo zima akiomba watu waondoe video. Hakuna aliyeondoa. Mhasibu aliongeza jipu la pili. Hapo Bwana Pamoja akapata wazo, na wazo lenyewe alikuwa nalo tayari, limebandikwa mlangoni mwa friji. Akalichukua vilevile, neno kwa neno, akalipeleka kwenye diski: kila mtu aandike jina lake kwenye mafaili yake, na Ijumaa mchana kisicho na jina kinatupwa.

Mpwa wangu alimfuata siku hiyohiyo, akamwambia mafaili ya hifadhidata yana mwenyewe, mwenyewe ni mashine, mashine haiwezi kuja na kalamu. Bwana Pamoja akamjibu kwa upole kwamba anaelewa, folda ya hifadhidata haitaguswa, ameshaiandika pembeni. Na kweli hakuigusa. Folda kubwa aliiacha salama kabisa. Zile folda tatu za herufi na namba, alizozitengeneza kwa mkono wake mwenyewe, alikuwa amezisahau kama unavyosahau chombo ulichokisukuma nyuma ya rafu.

Ijumaa mpwa wangu, akidhani ahadi ile inazifunika na folda tatu, alikuwa ameketi anaitazama ile folda kubwa, mkono kiunoni, kama mama anayelinda sahani ya mwanawe kwenye sherehe. Ghorofani kwa mkuu, mtu akafuta visivyo na jina, kisha akamwaga na pipa la taka ili nafasi ipatikane, na nafasi ilipopatikana tu nakala ya tano ya ile harusi, iliyokuwa inasubiri kupakiwa, ikaingia na kulala juu yake. Nakala ya kwanza ikafutwa, ya pili ikafutwa, ya tatu ikafutwa. Hata kiberenge hakipiti haraka hivyo.

Hifadhidata ikasimama. Mimi nilijua kwa simu ya chini: hospitali inataka damu, kuna mama amejifungua na hajaacha kutoka damu, na mashine ya lebo haitoi lebo. Nikapanda ngazi, na umri huu mimi sipandi ngazi kwa mtu.

Mpwa wangu alikuwa hajalia wala kufoka. Alikuwa mweupe midomoni. "Narudisha ya Jumapili," akasema. "Mifuko iliyopimwa kabla ya Jumapili itajulikana. Mnipe muda."

"Muda gani?" Bwana Pamoja akauliza. Simu ilikuwa inaita tena mezani.

"Kadiri itakavyokopi kupita kwenye harusi zenu."

Mkuu akasimama, akakaa, akasimama. Halafu akasema kile ambacho mpaka leo nikikikumbuka mate yananijaa mdomoni kama mtu anayetaka kutapika. "Mifuko ya wiki hii si ilipimwa? Nyinyi mnakumbuka. Karibu yote huwa safi. Toeni mmoja, tuandike lebo kwa mkono, mambo ya mashine yaje baadaye."

Na mimi, nisikufiche, nikaingilia. "Toa wangu. Mimi ni kundi O, nalijua tangu jeshini. Namba hii hapa kwenye kiganja."

Mpwa wangu akanigeukia. "Nani kasema damu yako ni safi, mjomba?"

"Mimi nasema."

"Na wewe ndiye uliyekuwa unapaka mafuta ya nyama kwenye kikombe cha bati."

"Hilo linaingiaje hapa?"

"Kila aliyekunywa pale alisema mdomo wake ni safi." Akamgeukia mkuu. "Sijui, mkuu. Nilijua jana, leo sijui. Kitu nisichokijua kimeguswa na nini siwezi kukitia kinywani mwangu, sembuse kwenye mshipa wa mzazi. Ukitaka andika lebo wewe, na uweke jina. Si kila kitu humu lazima kiwe na jina?"

Bwana Pamoja akaishika kalamu. Naapa aliishika. Akaitazama, akaitazama simu, akairudisha mezani, akajifuta kiganja kwenye suruali. Tukakaa. Simu iliita, mpwa wangu akaipokea, akasema bado, samahani, bado. Nilimwona akibana kidole gumba ndani ya ngumi kama alivyokuwa akifanya utotoni akiwa na kiu. Sijawahi kuichukia sauti ya kabati kama siku ile, linanguruma kwa raha zake, limeshiba.

Nakala ya Jumapili ikarudi. Mashine ikafufuka na yale iliyoyajua Jumapili, ikatoa lebo ya mfuko wa zamani, nikaubeba mimi mwenyewe mpaka kwenye gari, kwenye sanduku la barafu nililolipanga mimi. Yule mama aliongezewa, akapona, na mtoto wake anakaribia kuanza shule. Hawanijui, na sidai.

Lakini mifuko ya baada ya Jumapili ilibaki. Vichupa vya kupimia vilishatupwa kwa utaratibu, majibu yalikuwa kwenye mashine tu, na mabadiliko ya wiki yalikuwa kwenye lile faili dogo lililolaliwa na harusi. Rafu kwa rafu tuliitoa. Unajua damu nyingi hivyo ikiwekwa kwenye mifuko ya taka inafananaje? Inatikisika. Inakuwa na uzito wa kitu kilicho hai. Watu waliacha kazi zao kuja kuichangia, wengine walibebwa na wenzao wakitetemeka kwa woga wa sindano, na tukaisukuma kwa toroli hadi kwenye tanuri la kuchomea, nayo inanuka chuma na plastiki. Wangu ulikuwa wa juu. Niliugeuza namba ikatazama chini.

Ile harusi, kwa taarifa yako, ilisalimika, nakala zote tano. Ukitaka kuona bibi arusi anavyovishwa viatu, nenda, ipo.

Kabati halikuondolewa. Vitu vya aina ile haviondoki, vinaongezewa rafu. Ila nakala tatu zimerudi kwenye sehemu tatu: moja kabatini, moja kwenye diski yake ya peke yake yenye kufuli, na moja kwenye ile mashine kuukuu, imerejea kwenye korido yangu, mahali pa ngazi. Mpwa wangu hakuomba ruhusa. Alishuka nayo mikononi, akaifuta kwa kitambaa na spiriti mara mbili, akachomeka waya. Nikamshikia tochi. Kabla ya kunipa waya niushike aliniambia, "Nawa kwanza," nikaenda nikanawa, na umri huu.

Juzi nilifungua jokofu la damu kukagua kipima joto, nikakuta kwenye rafu ya chini, nyuma ya mifuko, bakuli la plastiki lenye mfuniko. Friji ya chakula ilikuwa imejaa, nadhani. Juu ya mfuniko kulikuwa na jina, limeandikwa vizuri kwa kalamu ya wino mzito kama tangazo linavyotaka. Lilikuwa la mkuu wetu. Ndani ni wali na kitu chenye mchuzi, na mchuzi ulikuwa umeanza kuvujia upande wa damu.

Nilivaa glavu. Wali niliumwaga. Halafu nikaliangalia lile bakuli, safi, jipya, lina jina na kila kitu, nikalitupa nalo.